Wachague, lakini watuambie wanachaguaje

Wiki hii mmeuliza: je, ni haki vituo binafsi vya kuokoa mbwa kuchagua mbwa wa kupokea na kuwaacha wengine? Swali lenu limenigusa pabaya. Ila kwangu la haki linakuja baadaye. Kwanza nataka kujua, huyo anayeambiwa "hapana" anaambiwa nini kingine?

Mzee jirani yetu alifariki akaacha mbwa wawili, jike na mwanawe. Jike alikuwa ameshazeeka, macho yameingia ukungu, ana kikohozi kikavu. Mwanawe alikuwa dume bado kijana, mchangamfu, hatulii. Watoto wa marehemu hawakuwataka. Nikapiga simu kwenye kituo kimoja cha watu binafsi, na mwenye kituo akaja mwenyewe. Hakuwakimbilia mbwa. Aliketi chini uani, akawapa ubavu, akasubiri wamnuse. Huku akisubiri akaniuliza: wamechanjwa lini? Kuna aliyewahi kumng'ata mtu? Wamezoea watoto? Wakiwekewa chakula, nani humfukuza mwenzake? Kisha akamfunua jike midomo akatazama ufizi, akamshika masikio, mkia, na miguu mmoja mmoja. Jike alimwachia yote, mwishowe akamlazia kichwa mapajani. Yule mama akampapasa kwa muda mrefu, akasimama, akasema, "Dada, nitamchukua kijana. Huyu siwezi."

Nilimwona hana utu. Alinijibu bila kupaza sauti. Kizimba kilichobaki kilikuwa kimoja. Kijana angepata makao mapema na nafasi yake ingempokea mwingine. Kikohozi kile alihofia ni minyoo ya moyo, na ikithibitika, matibabu ni ya miezi, mbwa akizuiwa kukimbia muda wote, kwa sababu minyoo inayokufa inaweza kuziba mishipa ya mapafu. Akaniomba nikae na jike, yeye amtangaze kwa picha, akanielekeza kwa daktari wa mifugo. Kipimo cha damu kilithibitisha hofu yake. Picha zikazunguka miezi na miezi, hakuna aliyeuliza. Jike yuko kwangu hadi leo. Angekuwa kituoni, kizimba kile kisingempokea mbwa mwingine yeyote.

Nilianza kuandika nikitaka kuwasema vibaya wenye vituo, na sasa naona hoja yangu inapungua nguvu. Mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara unaoua hasa watoto wa mbwa, huweza kueneza virusi kabla hajaonyesha dalili, na virusi hivyo hudumu kwenye udongo kwa miezi. Watoto wa mbwa hurudiwa chanjo hadi wiki ya 16 hivi. Kabla ya hapo kinga yao haiaminiki. Kituo kikimwingiza mgeni mmoja kwa huruma bila kumtenga, kinaweza kuwazika waliomtangulia. Vituo vya umma sehemu nyingi hulazimika kupokea kila anayeletwa, na vizimba vikijaa, kuna mbwa wanaodungwa sindano ya mwisho. Anayeahidi kutoua kwa kukosa nafasi hana budi kufunga mlango wakati fulani. Wapo walioshindwa kuufunga, wakaja kukutwa na makumi ya mbwa wagonjwa ndani ya nyumba moja, wengine wamekufa. Nao walianza kwa huruma.

Linaloniuma bado ni wale wanaochagua sura. Kituo kinachohudumia aina moja tu ya mbwa sikilaumu, kimetangaza hivyo tangu mwanzo. Lakini kinachojiita cha mbwa wote, kisha kwenye simu kinauliza umri na picha tu, hicho kinawadanganya wanaokichangia.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililokuja nalo: ni haki, na vingine vingefaa vikatae zaidi ya vinavyokataa sasa. Ila viandike vigezo vyao mahali watu wataviona, na anayekataliwa aambiwe sababu na aelekezwe pengine. Mbwa aliyeng'ata apimwe kwa mazingira aliyong'atia, asihukumiwe kwa jina la aina yake. Na kwa aliyegongwa na gari siweki sharti la nafasi: afikishwe kwa daktari kwanza, hata kama baadaye hatapata kizimba. Hilo si la kituo peke yake, ni la yeyote aliyemkuta barabarani.