Mashine ya kujiagizia chakula katika mkahawa wa Darajani

Ndugu yangu, umeuliza kama mashine ya mteja kujiagizia chakula mwenyewe itaufaa mkahawa wako wa Darajani, hapa Zanzibar, ambao mchana hujaa hadi foleni ikatoka mlangoni. Naona itakufaa, na faida yake kubwa si kupunguza wafanyakazi, bali ni usahihi wa oda. Chukua bakuli moja la urojo: huyu anataka kachori na mishikaki bila pilipili, yule anataka yai, bajia na chatne ya nazi kwa wingi, na mhudumu aliyebeba maagizo sita kichwani hakosi kuchanganya mawili. Kwenye kioo, mteja hugusa anachokitaka kwa Kiswahili, Kiingereza au Kiitaliano, huona bei yake palepale, na karatasi ya oda huchapwa kule jikoni vilevile alivyochagua. Isitoshe, mashine haioni haya kumuuliza kila mtu kama ataongeza juisi ya ukwaju, jambo ambalo vijana wetu husahau. Hata hivyo, mbakize mtu mmoja kaunta kwa ajili ya wazee na wanaolipa taslimu, na ununue betri ya akiba, kwani sisi tuliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008 hatuuamini sana umeme unaovuka bahari kutoka bara.