Huu ni mti au jiwe?

SWALI: Habari za kazi. Rafiki yangu ana kipande cha jiwe ambacho ukikitazama unaapa ni kuni, kina miviringo na hata alama ya tawi lilipokatikia, ila ukikishika ni kizito halafu cha baridi. Anasema ulikuwa mti ukageuka jiwe. Mti unageukaje jiwe jamani, na ukiutia motoni unawaka?

JIBU: Rafiki yako hajakudanganya, ila hilo neno "kugeuka" ndo linachanganya watu. Kawaida mti ukianguka, kuvu na bakteria wanaumaliza. Sasa kuna ule unaofukiwa haraka, labda mafuriko yameuzoa ukazama kwenye matope au volkano imeumwagia majivu, na huko chini oksijeni ni kidogo sana kwa hiyo kuoza kunaenda taratibu mno. Maji ya ardhini yakipita kwenye majivu yale yanayeyusha silika (madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga na kioo), yanaingia nayo ndani ya mti kupitia vijinjia vilevile ambavyo mti ulikuwa unapandishia maji ulipokuwa hai, halafu silika inaganda ndani ya seli moja moja na kwenye kuta zake, mbao inaisha kidogo kidogo huku jiwe limeshashika umbo lake. Mwisho unabaki na kwatzi, yaani jiwe gumu la silika, yenye sura ya mti.

Loanisha ule upande uliokatika uutazame kwa lenzi. Ile miviringo ni ya mti wenyewe, na wataalamu wakikata kipande chembamba hadi mwanga upenye, wanaona seli kwenye hadubini na mara nyingi wanajua ulikuwa mti wa jamii gani! Mimi hapo ndo huwa nashangaa kila mara, maana huo mti unaweza kuwa na miaka zaidi ya milioni 200, kama magogo yaliyogeuka jiwe ya Arizona kule Marekani. Wekundu na manjano yake vinatokana na chuma, nyeusi mara nyingi ni madini ya manganizi au kaboni ya mti iliyobaki. Magogo yale yamekatika vipande utadhani kwa msumeno, kumbe kwatzi ni ngumu lakini haipindi, ardhi ikisogea inavunjika tu.

Na hauwaki, kwa sababu karibu mbao yote imeshaondoka. Usiutie motoni utapasuka bure, jaribu kuukwaruza kwa kisu cha kawaida: kama ni kwatzi hautachubuka, kisu ndo kitaacha mstari wa kijivu juu yake.