Kidude cha kupima mkono kimeshaona tatizo, MRI ya nini?

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, ni fundi cherehani Kawangware. Tangu Januari vifungo vinamshinda na sindano inamponyoka. Juzi kliniki walimwambia akunje ngumi na kuikunjua haraka juu ya kidude kidogo kilichowekwa mezani, kompyuta ikachora mistari. Sasa wanataka apigwe MRI ya shingo, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na shingo yenyewe haimuumi. Kama kidude kimeona tatizo, mbona tulipie tena?

JIBU: Mpe mama pole. Kidude kile hakikuiona shingo yake, kiliuona mkono tu. Ndani mna kamera ndogo na taa za infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kamera hupiga picha nyingi kila sekunde, na programu hukadiria kila kiungo cha kidole kiko wapi. Mgonjwa havai glavu wala hafungwi nyaya.

Kipimo chenyewe kilikuwepo kabla ya kidude. Ni sekunde 10 za kukunja na kukunjua, na mkono wenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi. Wagonjwa wawili wanaweza wote kufika 14, mmoja kwa sababu vidole vinamuuma, mwingine kwa sababu ugwe wa mgongo, ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo, umebanwa shingoni. Huyu wa pili mtazame anapofungua. Ngumi anaikunja vizuri, ila kidole cha pete na cha mwisho vinabaki nyuma, na kifundo cha mkono kinainama ili kuvisaidia vinyooke. Jambo hilo hupita upesi, nami kwa macho yangu nimewahi kulikosa. Kihisi, yaani kidude kile, hulinasa: muda wa kufunga, muda wa kufungua, pembe ya kifundo, na kidole kinachochelewa.

Hata hivyo, baridi yabisi, kiharusi au mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo huweza kuupunguzia mkono kasi. Kihisi kinaonyesha mkono umedhoofika kiasi gani. MRI inaonyesha kama ugwe umebanwa, na kwenye pingili ipi, yaani mfupa upi wa shingo. Daktari wa upasuaji hawezi kuamua bila picha hiyo. Na kutoumwa kusikutulize: ugwe hubanwa polepole, diski, zile pedi laini kati ya pingili, zinapochakaa na mifupa kuota vijipembe, na wengi hawasikii maumivu yoyote shingoni. Kwa hiyo huchelewa, na upasuaji kazi yake kubwa ni kuzuia hali isizidi. Nguvu iliyokwisha kupotea hairudi yote kila mara.

Vipimo vya leo vitunzeni. Vikirudiwa, mama akae mbali na dirisha, maana jua nalo lina infraredi na huichanganya kamera. Nyumbani mrekodi kwa simu sekunde hizo 10, mkono mmoja mmoja, kisha uitazame video polepole.

Mwulize pia kuhusu miguu. Akianza kuyumba, kushika ukuta anaposhuka ngazi, au mkojo kumsumbua, usingoje tarehe ya MRI; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na hadi picha isomwe, asiruhusu mtu yeyote kumkanda au kumzungusha shingo. Mtaani kwetu vinyozi na wakandaji huipinda mpaka ialike, na kwa ugwe uliobanwa hilo ni hatari kubwa.