Ikwalaiza ya kulinganisha: mimi iliniumbulia chumba changu

Ndugu umeuliza kama ukiilinganisha miksi yako (ala zote zikishachanganywa) na rekodi ya taarabu ya Unguja, programu ikakunakilia ikwalaiza yake, yaani namna besi, sauti za kati na za juu zilivyopandishwa au kushushwa, utapata sauti ileile. Hupati. Lakini usiitupe.

Mimi nafanyia kazi Langoni, Lamu, nyumba ya kizamani. Vyumba vyetu mnavijua, virefu vyembamba, maana upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Changu kina mita 2.8 ukuta kwa ukuta. Nilikuwa na udi, fidla, dumbaki na gitaa la besi. Besi ikinguruma chumbani, nami napunguza, kesho tena napunguza. Siku ya kuipiga kwenye spika za harusini ikatoka nyembamba kama redio ya mkulima. Aibu niliyoipata mimi mwenyewe naijua.

Nikafungua Match EQ, ikwalaiza ya kulinganisha iliyo ndani ya Logic, programu ya kurekodi muziki. Inapima wastani wa nguvu ya kila masafa, toka sauti nzito hadi nyembamba, katika wimbo wa mfano na katika wako, kisha inachora mstari wa tofauti. Wangu ulikuwa karibu tambarare, ila penye Hz 60 (mitetemo 60 kwa sekunde, kwenye besi) umeinuka kama kichuguu, desibeli 6. Nikapiga hesabu: sauti huenda mita 343 kwa sekunde, gawa kwa 5.6, yaani upana mara mbili, kwenda na kurudi kati ya kuta, unapata 61, masafa ambayo chumba chenyewe kinayavumisha. Kumbe besi niliyokuwa nikiikata ilikuwa ya chumba, si ya wimbo! Mstari ule sikuutumia. Nilirudi kwenye gitaa nikamrudishia nilichomnyang'anya.

Ukitaka kuutumia, mfano uwe na ala kama zako. Niliwahi kuchukua wimbo wenye kodiani, programu ikapandisha masafa ya kati kuitafuta, fidla yangu ikapiga mayowe. Na MP3 iliyobanwa hadi kbps 128 uliyoipata kwa rafiki mara nyingi imekatwa sauti za juu kabisa, karibu na kHz 16 (Hz 16,000), basi na wewe utakatwa. Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, halafu weka nguvu ya mstari asilimia 30 hivi, si 100.

Magodoro niliyoegesha ukutani hayakuigusa ile Hz 60. Kilichosaidia ni kugeuza meza: zamani kisogo kilikuwa kinagusa ukuta mrefu, ndiko nguruma inakojazana. Sasa nakaa katikati ya upana, spika zinatazama urefu wa chumba.