Mteremko ndio unaowamaliza, wadogo zangu

Kila msimu wanakuja vijana waliozoea lami ya Kampala, miguu mizuri, pumzi nzuri, halafu wanaingia msitu wa Mabira au njia za mlima Elgon wakikimbia vilevile kama barabarani. Nawapenda, ila nimechoka kuwabeba. Nisikilizeni.

1. Saa isikutawale. Kilomita 42.195 za marathoni ya msituni si zile za lami. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 5 barabarani anaweza kutumia 8 au 9 penye vilima, na hajakosea kitu. Pima kwa pumzi: ikiwa nusu ya kwanza huwezi kutamka sentensi nzima, umezidisha.

2. Mwinuko mkali utembee. Hatua fupi, mikono kwenye mapaja. Hata wakali hutembea.

3. Sasa mteremko. Kijana mmoja wa kundi letu alipanda vizuri kuliko wote siku ile. Tulipoanza kushuka akatupita kwa furaha, mgongo umelala nyuma, kisigino kinagonga chini, kila hatua anafunga breki. Tulimwita, hakusikia. Tulimkuta mbele kwenye tambarare, mahali pepesi kabisa, amekaa juu ya gogo na mapaja yanatetemeka yenyewe. Pumzi anayo, moyo umetulia, ila mguu haunyanyuki. Vimizizi vyembamba vilikuwa vimemwangusha mara kwa mara. Alilia, na sisi hatukuwa na la kumwambia. Tulimshika mabega hadi barabara ya murramu, tukamtafutia boda. Siku zilizofuata alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume, ameshikilia ukuta.

Kilichompata ni hiki: unaposhuka, msuli wa mbele wa paja unavutwa huku unajikaza ili kukuzuia, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Mapafu hayakuonyi. Maumivu yenyewe hukomaa siku moja hadi tatu baadaye. Dawa yake ni mteremko huohuo kwa kipimo: mara moja kwa wiki, kilima kifupi, hatua fupi za haraka, kifua mbele kidogo, macho hatua kadhaa mbele yako. Msuli ulioumizwa kidogo hujikinga kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mteremko mgumu wa mwisho ufanye wiki mbili hivi kabla ya mashindano, si siku tatu kabla kama mnavyopenda.

Watu wakimtaja Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012, au Joshua Cheptegei na mita 10,000 za Paris 2024, husema ni hewa ya juu ya Kapchorwa, kwao huko kwenye mlima Elgon. Hewa ipo, sikatai. Lakini nendeni mkaangalie watoto wa Sebei, eneo hilohilo la Kapchorwa, wanavyoshuka njia za kwao, wepesi, bila kufunga breki. Mimi nilijifunza zaidi kwa kuwatazama hao kuliko kwa kocha yeyote.

4. Kunywa ukiwa na kiu. Maji matupu mengi mno hupunguza chumvi ya damu, na kwenye marathoni yamewahi kuua watu. Beba viazi vya kuchemsha vyenye chumvi.

5. Kucha zikatwe mapema, viatu viwe na meno na nafasi mbele ya vidole. Mzizi uliolowa uruke, usiukanyage.

6. Ukiona msafara wa siafu, ruka upite. Kuna mmoja alisimama kupiga picha. Tulimkuta amevua kaptula katikati ya njia.

7. Usiingie mazoezini peke yako. Mabira iko chini ya NFA, mamlaka ya misitu, hifadhi ya Elgon chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori: omba ruhusa, chukua mtu anayezijua njia. Na anzeni alfajiri. Mlimani mvua hupenda kuja mchana, na udongo wa Elgon ukilowa, hata viatu vyenye meno havishiki.