Maswali ya Wasomaji: Diazepamu, Panya na Homoni ya Msongo

Swali: Niko mwaka wa mwisho wa chuo, Iringa. Niliwachoma panya weupe diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, wenzao wakapata maji ya chumvi. Nusu saa baadaye nikatoa damu. Kotikosteroni, yaani homoni ya msongo, ya waliopata dawa ndiyo iliyopanda! Nimeuziwa dawa feki?
*Mwanafunzi, Iringa*

Jibu: Dawa yako huenda ni nzima kabisa. Kwa dozi kubwa kama hiyo, diazepamu yenyewe hupandisha kotikosteroni hata kwa panya aliyetulia kizimbani. Ulichokitafuta hupatikana kwa dozi ndogo, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, na hata hiyo haitarajiwi kushusha homoni ya panya asiye na kero. Kazi yake ni kupunguza ongezeko linaloletwa na mshtuko. Hipothalamasi, sehemu ya ubongo, ikishtuliwa hutoa homoni ya CRH, tezi ya pituitari iliyo chini yake huitikia kwa homoni ya ACTH, na tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga kotikosteroni. Diazepamu huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo, hivyo mshtuko hufika hipothalamasi ukiwa umepoa. Wewe hukuwashtua panya wako, basi dawa haikuwa na cha kupoza.

Panga makundi manne: dawa na kero, dawa bila kero, kimiminika kitupu na kero, kimiminika kitupu bila kero. Kero ya kawaida ni kumbana panya ndani ya bomba la plastiki lenye matundu ya hewa kwa dakika 30, ukianza nusu saa baada ya sindano.

Tumesema kimiminika kitupu, si maji ya chumvi. Diazepamu haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ampuli, kichupa cha dawa ya sindano, huwa na propilini glaikoli na alkoholi, vitu vinavyowasha tumboni. Kundi la ulinganisho lisipopata mchanganyiko huohuo, utakuwa unapima muwasho na kuuita dawa. Hesabu nayo ina mtego wake. Panya wa gramu 300 kwa dozi ya miligramu 1 kwa kilo anahitaji miligramu 0.3. Ampuli ya miligramu 5 kwa mililita ingekulazimu kuvuta mililita 0.06, na hapo mkono ukitikisika kidogo tu dozi imeharibika. Zimua hadi miligramu 1 kwa mililita, uchome mililita 0.3. Zimua kwa kimiminika kilekile; ukitumia maji ya chumvi dawa hutoka kwenye myeyuko, mchanganyiko ukawa mweupe kama maji ya mchele, na kila panya akapata dozi tofauti na mwenzake.

Kinachoharibu kazi nyingi zaidi ni mikono. Kotikosteroni huanza kupanda dakika chache tu baada ya kizimba kuguswa. Damu ya panya asiye na kero itoke ndani ya dakika 3, chumba tofauti na walipo wenzake, na makundi yapishane kwa zamu badala ya kumaliza moja ndipo uanze jingine. Wazoeshe kushikwa na kuchomwa sindano tupu kwa wiki nzima kabla ya jaribio. Etha ya kuwalaza iache, maana nayo hupandisha homoni hiyo. Na kipimo kiwe cha kotikosteroni: panya hategemei kotisoli kama sisi.

Swali: Huku kwetu Juni na Julai ni baridi kali. Je, inaathiri matokeo? Na nitoe damu saa ngapi?
*Msomaji, Njombe*

Jibu: Inaathiri sana, kwa kuwa baridi yenyewe ni kero. Chumba kikae nyuzi 20 hadi 24, usiku na mchana. Hita inayozimika umeme ukikatika usiku itakuachia namba zisizoeleweka asubuhi. Damu itoke kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, homoni ikiwa chini. Panya huamka usiku, hivyo kwake kilele ni jioni giza linapoingia. Mwanga wa dirishani kwetu hauachani sana na saa 12 kwa siku, ila taa ya mlinzi ikipenya usiku ratiba imevurugika.

Swali: Panya weupe ni ghali. Siwezi kutega wa mashambani?
*Msomaji, Mbarali*

Jibu: Hapana. Panya wa kutegwa hana umri unaojulikana, mtego umeshampandisha homoni, na anaweza kukuachia homa ya mgunda au tauni.

Swali: Natumia diazepamu kwa miezi kadhaa. Nikiacha leo, homoni yangu itatulia?
*Msomaji, Mafinga*

Jibu: Usiache ghafla. Panya waliozoeshwa dawa hii kwa muda mrefu, ikikatwa, kotikosteroni yao hupanda. Kwa binadamu kukata ghafla kunaweza kuleta degedege. Mwone daktari aliyekuandikia, akupunguzie dozi kidogo kidogo.