Ndege ya azima, akija mwenyewe?

SWALI: Asalaam aleykum mhariri. Mie mpenzi wa ndege za vita za zamani, nasikia huko nje tajiri anaazimisha ndege yake makumbusho, miaka ikipita anakuja kuidai na wao wanamwambia tushaitengeneza tushaipaka rangi haitoki. Haki ya nani? Msomaji, Mkoani, Pemba.

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Azima ni azima, kukaa nacho kitu miaka hakukufanyi mwenyewe. Tazama ile ndege ya vita F-82 Twin Mustang kule Marekani, jeshi la anga liliwapa kwa azima Commemorative Air Force, chama cha raia wanaotunza ndege za vita za zamani, miaka ya 60, ikapata ajali 1987, 2002 wakataka kuibadilisha na ndege nyengine, jeshi likasema hiyo yetu, wakaburutana mahakamani mpaka 2009 rufaa ikawapa jeshi. Hapo aliyeazimisha ni serikali, si tajiri, lakini shina la ugomvi ndo hilohilo, karatasi! Nani analipa bima, nani ananunua spea, mwenyewe akifa warithi wanajua? Makumbusho wakigharamia wadai pesa zao, kuizuia ndege mie naona dhulma. Na wewe ukiwapa makumbusho hata sanduku la bibi yako andikishaneni, lipige picha pande zote, na mwaka wa kulirudisha utajwe.